Hobie 16 mikononi mwa mpimaji: tathmini ya fundi wa faiba wa Msasani

Watu wakiniuliza kuhusu Hobie 16, katamarani ndogo ya matanga yenye mitumbwi miwili, huanza na mwendo. Je, inakimbia? Inakimbia sana. Kusi ya Julai ikiingia ghuba ya Msasani mchana, mtumbwi mmoja ukanyanyuka juu ya maji na wewe umening'inia kwenye waya wa trapezi, swali hilo hutalikumbuka tena. Lakini mimi naitathmini kama chombo cha mashindano, na kwa mashindano swali la kwanza ni jingine: aliyekutangulia amekutangulia kwa sababu anaujua upepo, au kwa sababu ana pesa kukuzidi? Kwa kipimo hicho Hobie 16 ni miongoni mwa vyombo bora unavyoweza kununua, na ubora wenyewe hauko kwenye faiba wala kwenye alumini. Uko kwenye kitabu cha kanuni.

Mimi ni fundi wa faiba. Riziki yangu ni kuziba, kuunganisha na kupiga msasa boti za watu. Siku za mashindano ndiye ninayeshika futi na mzani, na vyombo vikishapita ukaguzi hupanda kama baharia wa mbele kwa yeyote aliyekosa mwenzake. Kwa hiyo chombo hiki nakijua kikiwa kimepinduliwa juu ya vigingi karakanani, na nakijua kikiwa kwenye mawimbi kati ya visiwa vya Bongoyo na Mbudya.

Chombo chenyewe nitakipitia haraka. Kilibuniwa California na Hobie Alter, aliyeanzia kwenye kazi ya mbao za kuteleza mawimbini. Hobie 14 ilitangulia mwishoni mwa miaka ya 1960, 16 ikafuata muda mfupi baadaye, na tangu hapo zimetengenezwa zaidi ya 100,000. Urefu ni mita 5.05, upana 2.41, uzito kama kilo 145, mlingoti unapita mita 8, matanga mawili, watu wawili. Mitumbwi yake miwili imepinda kama ndizi ukiitazama kwa ubavu, na pande zake hazifanani: upande wa nje umenyooka, upande wa ndani umevimba. Umbo hilo ndilo linalozuia upepo usikisukume chombo kando, kwa hiyo hakuna ubao wa kushusha chini ya maji. Unaingia nacho mpaka mchangani, sukani zinanyanyuka, mnaruka, mnakivuta.

Wengi hulisifu hilo la kukosa ubao kwa sababu ya urahisi wa kutua ufukweni. Mimi nalisifu kwa ajili ya haki. Kwenye katamarani nyingine ubao ndipo pesa inapojificha: wembamba wake, mkunjo wake, kaboni yake. Hapa chini ya maji kuna mitumbwi miwili na sukani mbili, basi. Hakuna tajiri anayeweza kununua kitu ambacho hakipo.

Kasoro yake inayojulikana dunia nzima ni pua. Ni nyembamba, na ukiwa unashuka na upepo mkali pua ya upande wa chini huzama, chombo husimama ghafla, tezi, yaani nyuma ya chombo, hupaa na watu hurushwa mbele ya mlingoti. Anayekuambia Hobie 16 haipinduki hajaiendesha kwenye kusi. Anayeianza aanze na upepo wa wastani, na mwenzake akae nyuma kabisa mnaposhuka. Ila pua hiyo ni ileile kwa kila mtu aliye kwenye mstari.

Sasa kitabu. Kanuni za Chama cha Kimataifa cha Klasi ya Hobie (klasi ni vyombo vya aina moja vinavyoshindana pamoja) zimejengwa juu ya msimamo mmoja: badiliko ambalo halikutajwa kuwa limeruhusiwa, limekatazwa. Usitafute palipoandikwa "usitoboe hapa". Tafuta palipoandikwa kwamba unaweza kutoboa, na usipopaona weka drili chini. Kwa mpimaji hiyo ni neema, maana inakata ubishi. Mtu akija na hoja ndefu kwamba kifaa chake hakikukatazwa popote, namfungulia orodha ya vilivyoruhusiwa, namwomba anionyeshe chake kilipo.

Na orodha hiyo si ya ubahili. Kishale cha kuonyesha upepo unaweka. Nyuzi kwenye tanga unabandika. Dira unafunga. Mkono mrefu wa kana, ile fimbo ya kugeuzia sukani, unachagua mwenyewe. Mlingoti unauegemeza nyuma kadiri ya ujuzi wako, na wazoefu huuegemeza sana, mpaka kapi ya juu ya demani, kamba ya kuvutia tanga kubwa, na kapi ya chini zinakaribia kugusana, ndiyo maana wakimbiaji hutafuta kapi fupi. Mambo haya utayaona kwa macho ukitembea ufukweni kabla ya mbio, na ukiuliza utaonyeshwa. Siri ambayo kila mtu anaweza kuiona na kuiiga kabla ya mbio inayofuata haimwonei mtu.

Kwangu mimi muda mwingi huishia chini ya mitumbwi. Hobie 16 hupandishwa na kushushwa ufukweni kila inapotoka, na maji yakitoka huku kwetu chini si mchanga mtupu, kuna mawe ya matumbawe. Mkuku, yaani ukingo wa chini wa mtumbwi, unalika pole pole, unakuwa bapa, na siku moja unaweka kidole unasikia nyuzi za faiba. Hapo ndipo naitwa. Kanuni inaruhusu kutengeneza kilichoharibika, haikuruhusu kubadili umbo. Kwa hiyo nina vigezo vya plaiwudi, nilivichora kwenye mtumbwi mpya kabla haujagusa mchanga. Nikishalaza tabaka za faiba, resini ikakauka, napiga msasa kidogo kidogo huku naweka kigezo kwenye kila alama nikiwa na tochi upande wa pili. Mwanga ukipenya katikati naongeza. Kigezo kikicheza kulia na kushoto napunguza. Kazi hiyo huchukua muda kuliko kuziba kwenyewe, na wateja wengine hawaelewi kwa nini naitoza.

Kijana mmoja aliniinamia karakanani, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, ukiwa hapohapo nichongee mkuku uwe mkali kidogo, utusaidie kupanda upepo." Nikamjibu, "Kaka, nikikuchongea leo, siku ya ukaguzi nitakuwa mimi huyuhuyu ninayekutoa." Akacheka, akaniachia nifanye kama kigezo kinavyosema. Sikuwa namtisha. Kanuni ya 78 ya mashindano ya matanga inamtwika mwenye chombo jukumu la kukitunza kiendane na kanuni za klasi yake. Fundi akichonga, anayeshitakiwa ni mwenye chombo.

Lakini kisa kinachonifanya niandike haya yote ni cha tanga.

Kuna mzee mmoja anashona mahema, maturubai na matanga ya mashua. Mkono wake unajulikana. Kaka na dada wawili, wenye Hobie 16 ya zamani waliyoinunua kwa kuchangishana kwenye familia, tanga lao la mbele lilichanika ukingo wa nyuma kiasi cha kutoshoneka. Tanga jipya la kiwandani linaagizwa ng'ambo, kisha usafirishaji, kisha forodha, na mashindano yalikuwa yanakaribia. Wakampelekea mzee lile lililochanika. Akalitandika kwenye sakafu ya saruji, akalichora kwa chaki, akapima kila fito na kila jicho la kamba, akanunua kitambaa kizuri alichoweza kukipata, akashona. Nilipolikunjua siku ya ukaguzi sikuona mshono hata mmoja uliopinda. Nililipima kwa futi, na vipimo vilikaa sawa na vya asili.

Nikalikataa. Kanuni inataka matanga yaliyotoka kwa mtengenezaji wa chombo, yasiyokatwa upya. Mzee alikuja mwenyewe jioni ile, kofia mkononi, akaniuliza, "Mwanangu, nimekosea wapi kipimo?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Kipimo hujakosea. Kanuni haiulizi kipimo, inauliza limetoka wapi." Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi hiyo si kanuni ya mafundi." Neno lile lilinikaa. Nami ni fundi.

Nimelifikiria sana, na bado nasimama pale niliposimama, kwa sababu moja. Nikilipitisha tanga la mzee kwa kuwa vipimo vyake viko sawa, wiki ijayo atakuja mtu na tanga lililokatwa na washonaji wakubwa wa Ulaya, kitambaa cha tabaka za plastiki, lina vipimo vilevile lakini limechongwa kwa upepo dhaifu wa mwisho wa kaskazi, na mwaka ujao ataleta la pili kwa ajili ya kusi. Nalo nitalipitisha, maana nimeshasema kipimo ndicho hakimu. Wale ndugu wawili na tanga lao la chaki watakuwa wameshindwa kabla ya kengele. Kanuni iliyowafungia mlango wao ndiyo inayowafungia na matajiri, na hawa ndugu wanaihitaji kuliko mtu yeyote ufukweni pale.

Haya si mambo ya kudhania. Tazama Tornado, katamarani iliyobuniwa na Rodney March mwaka 1967, ikakimbizwa Olimpiki kuanzia 1976 hadi 2008. Kanuni zake zilimruhusu mtu kuchagua mshonaji na kukata tanga atakavyo mradi liingie kwenye vipimo. Qingdao, China, palipofanyika mbio za matanga za Olimpiki, ilitabiriwa kuwa na upepo dhaifu, basi Waholanzi na Wamarekani wakaja mwaka 2008 na tanga la mbele lisilo la kawaida, bapa zaidi, linaloweza kuvuta hata chombo kikipanda upepo, yaani kikielekea upepo unakotoka, ambalo lilipimwa likakubalika kama tanga la kushukia na upepo. Wengine walishtuka. Katikati ya michezo mikubwa kuliko yote, mabaharia walikuwa wanajadili kitambaa. Upepo ulipopanda tanga lile likawa mzigo, na dhahabu ikaenda kwa Fernando Echávarri na Antón Paz wa Hispania. Lakini jiulize upepo ungekuwa kama ulivyotabiriwa, nchi isiyo na mshonaji wa utafiti ingefanya nini? Ingefunga mizigo irudi nyumbani.

Au Kombe la Amerika la 2013 huko San Francisco. Katamarani za AC45 zilitakiwa zote zifanane, ili mbio zile za utangulizi zipime watu. Ikagundulika kwamba vyombo vya timu ya Oracle viliwekewa madini mazito ya risasi kwenye nguzo ya mbele bila ruhusa ya wapimaji. Uzito wenyewe ulikuwa mdogo. Adhabu yake ilikuwa kukatwa pointi mbili kwenye fainali ya Kombe, faini ya dola 250,000 na watu kufungiwa. Timu hiyo ilitoka nyuma 8–1 ikashinda 9–8, na wapo wanaotumia ushindi huo kusema adhabu ilikuwa kelele za bure. Mimi naona kinyume. Kama watu wenye pesa zote zile na mabaharia hodari vile bado walijaribiwa na risasi ya kilo chache, sisi wengine tusijidanganye kwamba heshima peke yake inatosha bila mzani.

Sisemi kanuni zilizo wazi ni mbaya popote. Katamarani za A-Class zina vipimo vichache tu: urefu mita 5.49, upana 2.30, uzito usiopungua kilo 75, tanga la mita za mraba 13.94 mlingoti ukihesabiwa humo. Ndani ya hapo unabuni utakavyo, na ndiko akili nyingi za katamarani za kisasa zilikojaribiwa, mpaka vikaanza kuruka juu ya maji kwa mbao zao na klasi ikalazimika kujigawa makundi mawili, wanaoruka na wasioruka. Formula 18 nayo inaruhusu viwanda mbalimbali kushindana ndani ya sanduku moja la vipimo, mita 5.52 kwa 2.60 na kilo 180, na ina jambo moja ninaloliheshimu sana, nitalirudia nikifika kwenye uzito wa watu. Klasi hizo zinafaa mahali penye mafundi wengi, vyombo vingi na soko la mkono wa pili linaloshusha bei haraka. Mahali ambapo chombo kikishanunuliwa kinakaa miaka ishirini na kurithiwa, kanuni ya wazi inamfanya aliyenunua mwisho awe bingwa wa kudumu.

Kuna wanaosema suluhisho ni kukimbia kwa hesabu, muda wa kila aina ya chombo ukirekebishwa kwa kipimo chake, kama mifumo ya Texel ya Uholanzi au SCHRS. Tumekimbia hivyo pale vyombo vya aina moja vilipokuwa havitoshi, na kwa siku ya furaha panatosha. Ila mshindi anatangazwa na kikokotoo baada ya kila mtu kuoga. Mimi napenda aliyefika wa kwanza awe wa kwanza.

Uzito wa watu. Hobie 16 inataka wawili wawe na jumla ya kilo 129 angalau. Wakipungua, wanabeba tofauti hiyo kwenye chombo. Hapa nawasifu, kwa sababu bila hivyo kila mashindano ya upepo dhaifu yangekuwa ya watoto wembamba. Huwapima watu na kaptura na fulana, naandika, kisha tunajaza pengo kwa vipande vya risasi vya wazamiaji, kwa kuwa Pwani hii vinapatikana, na navifunga mwenyewe kwa kamba ya kubana ili visihame chombo kikipinduka. Kuvaa uzito mwilini hairuhusiwi. Kanuni ya 50 ya mashindano ya matanga inakataza nguo au kifaa kinachovaliwa kwa ajili ya kuongeza uzito, na inaweka kikomo cha kilo 8 kwa mavazi na vifaa vya mwilini. Dada mmoja aliniuliza kwa nini alazimike kubeba risasi ilhali mabwana wanene hawapunguziwi chochote. Swali lake ni la haki kabisa. Kanuni imelinda upande mmoja. Wawili wenye kilo 129 na wawili wenye kilo 165 wanatumia tanga lilelile, na katika siku za upepo wa kuvuta pumzi wale wazito hawana la kufanya.

Hapo ndipo Formula 18 ilipofikiria vizuri zaidi. Wana saizi mbili za matanga ya mbele: watu wazito wanapewa la mita za mraba 4.15 na la kushukia la 21, wepesi wanapewa 3.45 na 19. Badala ya kumbebesha risasi aliye mwepesi tu, wanamwongezea nguvu aliye mzito. Kwa Hobie 16 hilo lingehitaji kila mtu kununua matanga ya ziada, na sidhani ningelipigia kura. Ila natamani kikomo kile cha chini kisiwe jibu pekee.

Jambo ambalo kitabu hakikulifunga, na hakuna kitabu kitakacholifunga, ni umri wa tanga. Matanga yote mawili yametoka kiwanda kimoja, yana lebo moja, yamepita ukaguzi wangu. Moja limenunuliwa mwaka huu, kitambaa bado kinapiga kelele ukilikunja. Jingine limepigwa na jua la Dar miaka mingi, ni laini kama shuka, na halishiki umbo upepo ukiongezeka. Mbele ya sheria ni ndugu, baharini ni mbingu na ardhi. Wale wa mashindano ya dunia ya Hobie 16 wamelimaliza kwa njia iliyonyooka: waandaaji huleta vyombo vipya vinavyofanana, na washindani huhamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine wakati mashindano yanaendelea. Ndivyo ilivyokuwa Jervis Bay, Australia, mwaka 2014, ndivyo Captiva Island, Florida, mwaka 2019. Unafika na nguo zako, mkanda wa trapezi na mwenzako. Ukisema chombo ni kibovu, kesho adui yako atakipanda hichohicho.

Nilipendekeza nasi tubadilishane vyombo baada ya kila mbio. Nusu walikubali palepale, hasa wenye matanga yaliyochoka. Bwana mmoja mwenye chombo kipya alisema hawezi kumpa mtu gari lake akaligonge. Nilimwelewa, kwa kuwa nani angelipa? Tukafika kati: vyombo hatubadilishi, matanga yanapigiwa kura asubuhi na kila mtu anafunga yaliyomwangukia. Siku ile ya kwanza wale ndugu wawili waliangukiwa na matanga mapya. Walimaliza mbio ya kwanza wakiwa wa pili, dada ameshika kana, na nilipokuwa nashuka nao majini sikumsikia mtu ufukweni anauliza tanga limetoka wapi.

Tanga la mzee halikutupwa. Linatumika kwa mazoezi kila wiki, na kwa maoni yangu chama cha klasi kinaweza kwenda mbali zaidi. Wasiifute kanuni ya matanga ya kiwandani. Waweke njia ya kumkagua na kumpa leseni mshonaji aliye mbali na kiwanda, kwa kitambaa kilekile, kigezo kilekile na mhuri. Kumtegemea msambazaji mmoja kuna gharama yake hata kwa klasi kubwa. Mwaka 2019 klasi ya Laser, boti ndogo ya mtu mmoja, iligombana na mmoja wa watengenezaji wake wakubwa, ikamwondoa, na boti yenyewe ikabadilishwa jina ikawa ILCA. World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo wa matanga, nayo imeweka sera kwamba vifaa vya Olimpiki vipatikane kwa masharti ya haki na yasiyobagua watengenezaji. Kama Olimpiki inaweza kufikiria hivyo, klasi inayojiita ya watu wa ufukweni inaweza pia.

Kwa hiyo naipa Hobie 16 nyota nne kati ya tano. Kwa haki ya mbio ningeipa zote. Ile moja naizuia kwa sababu ya vipuri: kipini cha usukani kikivunjika Ijumaa na hakipo mjini, kanuni nzuri haikufikishi kwenye mstari Jumamosi. Mkianzisha kundi la vyombo, wekeni akiba ya pamoja ya vipini, waya, fito na kapi. Kwetu sanduku hilo limeokoa mbio nyingi.

Kwa anayetaka kununua ya mkono wa pili. Chukua sarafu, gonga sitaha kuanzia puani mpaka tezi, hasa mbele ya nguzo za mbele zinazoshika jukwaa. Sauti kavu ni salama, sauti iliyofumba ni mahali ambapo faiba imeachana na povu la ndani, na ikiwa eneo kubwa achana nacho. Pitisha kidole kwenye mkuku. Tazama kilele cha mlingoti. Baadhi vina ncha ya faiba badala ya alumini, jambo lililoanzia Marekani baada ya watu kupigwa na umeme milingoti ilipogusa nyaya. Kwingine alumini tupu inaendelea. Mlingoti wenye ncha ya faiba si kosa, na karibu na nyaya ni uhai, ila angalia kiungio kisiwe kimepasuka, na uulize kundi lenu lina milingoti ya aina gani kabla hujalipa. Mwisho kunjua matanga yote mawili chini na utafute lebo. Muuzaji akikuambia tanga "limeboreshwa", muulize limeboreshwa na nani, kisha lihesabu kuwa la mazoezi na ushushe bei kwa kiasi cha jipya.